Namna ya Kupigwa na Theluji Usilipwe Hata Senti

Hongera kwa nyumba. Umepiga zamu za usiku miaka sita, umebana matumizi mpaka watoto wakakuita bahili, na sasa una funguo za nyumba ya mbao ya ghorofa mbili upande wa magharibi wa jiji la Buffalo, jimbo la New York. Benki iliyokukopesha ilikataa kutoa fedha mpaka ukate bima, nawe ukaikata kama tunavyokata sisi: kwa simu, ukiwa foleni, ukijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila swali. Karatasi zikaja kwa posta, kurasa arobaini hivi. Umeziweka juu ya kabati pamoja na vyeti vya ubatizo. Ziache hapo hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na hatua ya kwanza umeshaikamilisha.

Bima kwetu ilikuwa stika ya kumwonyesha trafiki. Ilikuwa kubwa au ilikuwa ndogo, na mjadala uliishia hapo. Nakusihi ubaki na elimu hiyo. Ukijitia kusoma zile kurasa utakuta za mwanzo zinakupa kila kitu, halafu linaingia neno "isipokuwa", na likishaingia halitoki, kama mgeni aliyeonja pilau. Nyumba yako imekingwa dhidi ya ajali za kila aina, isipokuwa. Vyombo vyako vimekingwa dhidi ya majanga 16 yaliyotajwa moja moja, uzito wa theluji na barafu ukiwamo, isipokuwa. Mwenye kuupenda usingizi wake hana haja ya kujua yanayofuata.

Mimi ni mtu wa Moshi. Theluji nimeiona tangu utotoni, asubuhi mawingu yakifunguka, iko juu ya Kibo imetulia, haimdai mtu. Nilipofika Buffalo nikajiona mwenyeji. Sikujua kuwa ya kwetu inakaa kwake, na ya huku inakufuata nyumbani.

Inatoka ziwani. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na mwanzoni mwa majira ya baridi upepo mkali wa kutoka magharibi hulipita ziwa hilo kwa urefu wake, karibu kilomita 400, wakati maji bado yana joto lililobaki la kiangazi. Unafyonza mvuke njia nzima, na ukigusa nchi kavu unautua mzigo wote. Mkanda wa theluji hiyo huwa mwembamba kiasi kwamba mtaa mmoja unafukiwa na mtaa wa pili watu wanaota jua. Kwako wewe hii ni bahati: redio ikitangaza hatari, chungulia dirishani. Ukiona jua, rudi kitandani. Novemba 2022, kwa siku chache tu, Orchard Park iliyo kusini mwa jiji, kule kwenye uwanja wa timu ya Bills, ilipata inchi 80. Mlango wa kawaida wa nyumba za Marekani una urefu wa inchi 80 kamili. Vitongoji vya kaskazini vilipata sehemu ndogo tu ya hiyo, na wakazi wake mpaka leo wanaona watu wa kusini wanapenda kutia chumvi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Desemba, ikaja nyingine, na hiyo haikuwa na utani, nami naacha wangu kwa aya hii. Upepo ulifikia nguvu ya kimbunga cha baharini. Magari ya wagonjwa na ya zima moto yalikwama njiani pamoja na watu waliokuwa wakiendewa. Waliokufa katika Buffalo na maeneo ya jirani walikuwa 47: waliokwama ndani ya magari, waliotoka kwa miguu, waliobaki majumbani bila joto, walioanguka kwa moyo wakiwa na beleshi mkononi. Kabla ya hapo wazee wa hapa walikuwa wakitusimulia tufani ya Januari 1977, iliyoua watu 29. Ziwa lilikuwa limekwisha kuganda, na ziwa likiganda watu hudhani mchezo umekwisha kwa mwaka huo. Kumbe theluji yote ya wiki zilizopita ilikuwa imelala juu ya barafu ikingoja upepo wa kuibeba mpaka mjini.

Turudi kwenye uzembe wetu.

Paa lako lina mita za mraba 100, tuseme. Theluji nyepesi ya sentimita 30 juu yake ina uzito wa tani tatu hivi, na mvua ikiinyeshea inalewa, inaongezeka zaidi. Paa likiinama kwa uzito huo, bima ya kawaida hulipa. Hapa wamekuzidi ujanja, kukosa malipo si rahisi. Unaweza kujaribu kwa kuziacha mbao zioze miaka kumi, maana uchakavu hawalipi. Au weka matumaini yako kwenye uzio na njia ya zege ya kuingizia gari: vikipasuliwa na barafu, hivyo mkataba ulishavitenga zamani.

Lakini theluji haidumu kuwa theluji, na ikishabadilika ndipo mwongozo huu unapoanza kukufaa. Jirani yangu mmoja, mama wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa kabla yetu sote, alinifundisha somo zima akiwa anapepeta maharage: "Bima haiulizake maji iliharibu nini, baba. Inaulizaka ilipitia wapi."

Yakipita juu, paa limefumuka kwa uzito na maji yakashuka kitandani, unalipwa. Yakitoka kwenye bomba lililopasuka ghafla, unalipwa, kwa sharti nitakalokuja kulieleza kwa uchungu. Yakipita chini, yaani theluji ya uani imeyeyuka, ikatambaa juu ya ardhi na kuingia besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, hayo yana jina lake. Ni mafuriko, na mafuriko hayamo katika bima ya nyumba. Yana bima yao, inayopatikana zaidi kupitia mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968. Na yakipanda kinyumenyume kupitia tundu la maji taka la sakafuni, hayo nayo yanataka nyongeza yake kwenye mkataba, ambayo wakala alikutajia nawe ukasema "hiyo hapana, inatosha." Maji ni yale yale, zulia ni lile lile, harufu ni ile ile, na mlango uliotumika ndio unaoamua nani atoe pesa.

Ukitaka kukosa kwa uhakika, basi, fanya hivi. Theluji unayoichota irundike ukutani, karibu na kidirisha cha besimenti. Ni karibu, na mgongo hautauma. Mabomba yanayoshusha maji ya paa yaache yamwagie pale pale kwenye msingi. Ngoja mpaka Machi, jua litoke, lundo lianze kutiririka, kisha piga simu ununue bima ya mafuriko. Watakuuzia kwa adabu zote. Itaanza kazi baada ya siku 30, na wakati huo besimenti yako itakuwa imekauka yenyewe. Tena, hata kama kilichokupata ni bomba la bafuni, ukipiga simu kudai fidia anza kwa kusema "tumepata mafuriko". Anayepokea ataliandika neno hilo kama ulivyolitamka, na miezi miwili mtabishana juu yake.

Bomba ni somo ninalolijua kwa gharama.

Ilikuwa Januari, tumealikwa harusini Columbus, Ohio. Siku nne. Mimi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, niliyekuzwa kwa kuambiwa "zima taa, hakuna mtu chumbani", nikasimama mbele ya kile kidude cha joto ukutani nikajiuliza: nichome gesi siku nne kwa ajili ya makochi? Nikazima. Mke wangu alisema neno, nikamjibu kwamba nyumba haina baridi, haina ngozi.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia tisa hivi. Bomba langu la jikoni lilipita ndani ya ukuta wa nje, upande wa kaskazini, mjenzi wa zamani akiwa na sababu zake alizokwenda nazo kaburini. Na bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Barafu huwa kizibo, na maji yaliyonaswa kati ya kizibo hicho na koki iliyofungwa hukosa pa kukimbilia, shinikizo linapanda mpaka chuma kinachanika. Usiku ule wa Jumapili tuliporudi nilifungua mlango nikasikia sauti ya mtu anaoga. Nikaita. Hakuna aliyejibu, akaendelea kuoga. Sakafu ya mbao ilikuwa imefura hapa na pale kama chapati inayonyanyuka kikaangoni. Mfuko wa unga wa sembe, ambao binamu yangu alikuwa ameutafuta mpaka Toronto, ulikuwa umegeuka jiwe la kusimamishia gari.

Mkadiria hasara alikuja Jumatano, kijana mpole, akavaa mifuko ya plastiki juu ya viatu asije akachafua sakafu ambayo haikuwapo. Akapiga picha. Akaweka kiganja ukutani, kama daktari. Kisha akauliza, bila hata kunitazama, tulipoondoka tuliacha joto kwenye nyuzi ngapi. Nami nikajibu kwa fahari ya mtu anayengoja sifa ya kubana matumizi: "Tulizima kabisa!"

Akaandika kwa muda mrefu. Halafu akaomba bili ya gesi.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mkataba unalipa mabomba yaliyoganda, ilisema, isipokuwa pale ambapo mwenye nyumba hakuchukua hatua za busara kuiweka nyumba katika joto, au kufunga maji na kuyatoa yote mabombani. Nilikuwa na njia mbili za kulipwa, na zote nilizifunga kwa mkono wangu ili kuokoa dola thelathini. Mafundi nikawalipa kwa fedha iliyokuwa nauli ya kwenda nyumbani Desemba.

Kwa hiyo nakupa utaratibu uliokwisha kujaribiwa. Ukisafiri, zima joto. Ukiwapo, usiku ule baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi, funga vizuri milango ya kabati lililo chini ya sinki, hewa ya joto isiyafikie mabomba. Kaza koki mpaka mwisho; maji yanayochuruzika polepole hayagandi haraka, tena yakichuruzika lile shinikizo linapata mlango, na sisi hatutaki hivyo. Usimwambie mtu yeyote nyumbani ilipo koki kuu. Ni vizuri zaidi kama hata wewe huijui, ili siku maji yatakaporuka ukimbie na tochi besimenti nzima ukigusa kila kitu kinachozunguka.

Maafa yakishatokea, usifunge maji. Acha yaendelee, ili anayekuja kukadiria ajionee mwenyewe ukubwa wa tatizo. Paa likitoboka usilifunike kwa turubai. Mkataba unakutaka uzuie hasara isizidi, na utunze risiti za ulichonunua kuizuia, lakini wewe hukusoma. Zulia lililoloa litupe haraka kabla ya mtu kulipiga picha. Orodha ya vitu vyako na bei zake iandike siku hiyo hiyo, kwa kumbukumbu, huku unalia.

Kuna na ile barafu ya kwenye upenu wa paa, inayoning'inia kama meno na kupendeza kwenye picha za kutuma nyumbani. Joto la ndani linapenya darini, linayeyusha theluji kwa chini, maji yanateremka mpaka ukingoni kwenye baridi na kuganda tena, yanajenga kizuizi, na yanayofuata nyuma hayana njia ila chini ya vigae, mpaka kwenye dari ya chumba chako. Dari iliyoharibika kwa kawaida hulipwa. Kuondoa barafu yenyewe au kuweka vizuia joto darini ni mzigo wako. Panda na shoka.

Kuhusu gari, hapa ndipo wanapotunasa watu wa kwetu. Bima kubwa ya nyumbani inalipa yote: umegonga, umegongwa, umeibiwa, mti umeanguka. Huku wameikata vipande viwili na kukiita kimoja komprihensivu, jina lile lile wakala wa Moshi analotumia kwa bima kubwa, nawe ukaridhika. Kipande hicho kinalipa mti ulioelemewa na barafu ukaangukia boneti. Lakini ukiteleza mwenyewe ukaikumbatia nguzo ya taa, hiyo ni bima ya kugonga, kipande cha pili, kile ulichokikataa. Na katika vyote, gari na nyumba, kuna fungu unalobeba mwenyewe kwanza. Ulichagua dola 2,500 ili malipo ya mwezi yashuke. Hasara ya dola 2,400 ni yako na familia yako.

Wewe mpangaji usicheke. Bima ya mwenye nyumba inalipa nyumba yake. Televisheni yako, kitanda chako na zile kanga za arusi haizijui. Bima ya mpangaji mara nyingi haifiki dola 25 kwa mwezi, na wengi wetu tunaiona ghali huku tunalipia chaneli za mpira tatu.

Mbele ya nyumba kuna njia ya waenda kwa miguu. Njia ni ya jiji; theluji iliyo juu yake ni yako, na jiji linakutaka uiondoe. Mzee akiteleza hapo akavunjika nyonga, bima yako ina kifungu cha kukutetea, na utaonana na wanasheria ambao hukutegemea kuonana nao katika maisha haya. Ukichota, chota kidogo kidogo, upumzike. Hilo nalisema bila mzaha, nikiwafikiria wale wa beleshi.

Na hili la umeme kukatika pia sitalitania. Jiko la mkaa halina kazi ndani ya nyumba hizi zilizozibwa kila ufa. Kwetu jikoni kuna upenyo juu ya ukuta na mlango uko wazi. Huku hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Jenereta likae nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi la gari lililofukiwa lifukuliwe kabla ya kuwasha injini. Ukikwepa hayo ukabaki hai, unaweza kurejea kwenye makosa ya kawaida: kuhamia hotelini kwa sababu mtaa mzima hauna umeme, ukitarajia kampuni ikulipie. Hoteli wanailipia pale tu nyumba yako yenyewe imepata madhara yanayolipwa na bima, ikawa haikaliki. Giza peke yake halitoshi. Nyama iliyooza kwenye friji nayo mara nyingi inataka nyongeza yake.

Mwaka huu Novemba ilipoingia nilizishusha zile karatasi kutoka juu ya kabati. Nilisoma siku tatu, na kalamu nyekundu. Nikampigia wakala kabla redio haijasema lolote, nikaongeza ile ya maji taka. Watoto wanajua koki kuu iko wapi. Mdogo ameifunga utepe wa kijani, anaiita bendera. Kidude cha ukutani hakiguswi hata tukisafiri.

Usiku wa baridi ya kwanza kali nilimpigia mama yangu Moshi. Shikamoo, marahaba, habari za migomba. Nilikuwa jikoni, milango ya kabati iko wazi na sufuria zinaonekana kama duka, koki inadondosha tone moja moja kwenye sinki. Akanyamaza akisikiliza.

"Mwanangu, hilo bomba lako linavuja. Umekosa hata hela ya washa?"

Nikamweleza nimeliacha kusudi, yasigande ukutani, bima isije ikaleta maneno tena kama mwaka ule wa harusi.

"Na hayo maji yanayomwagika usiku kucha," akauliza, "hiyo bima yenu inalipa?"

"Inalipa vyote, mama," nikasema. "Isipokuwa hayo."